Ahukumiwe Wapi Aliyekula Mafao ya Wasio na Kazi?

Tarehe 27 Machi 2020 Rais wa Marekani alitia saini sheria ya kuwanusuru wananchi na biashara dhidi ya makali ya korona, inayojulikana kwa kifupi kama CARES. Aliyepoteza kazi aliongezewa dola 600 kila wiki juu ya fao lake la kawaida, hadi mwishoni mwa Julai. Waliojiajiri wenyewe, ambao awali hawakuwa na haki ya fao hilo, nao waliingizwa: dereva wa teksi ya programu, msusi, fundi wa mitaani. Mwanzoni walitakiwa kujieleza tu, bila kuonyesha hati ya kipato. Mamilioni ya watu walisaidika, na hilo lisisahaulike katika mjadala huu. Lakini wezi nao walijitokeza kwa wingi. Mwaka 2023 GAO, ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge la nchi hiyo, ilikadiria kwamba kati ya dola bilioni 100 na bilioni 135 za mafao ya kukosa ajira zilichukuliwa kwa udanganyifu wakati wa janga. Ni sawa na dola 11 hadi 15 katika kila 100 zilizolipwa.

Wizi huo unawasumbua wanasheria kwa sababu moja: haukufanyika mahali pamoja. Mtu ameketi Georgia, anatumia jina la mwalimu wa Ohio, anaomba fao la jimbo la Washington, ombi linapita katika kompyuta zilizoko Colorado, na kadi inatumwa Florida ambako mwenzake anatoa noti kwenye mashine. Kesi ifunguliwe wapi? Msomaji asidhani hili ni swali la makarani wa masjala. Mahali ndipo panapoamua ni raia gani 12 watakaomsikiliza mshtakiwa, mashahidi wasafiri umbali gani, na wakili apatikane kwa gharama gani. Mara nyingi ndipo panapoamua pia kama itatumika sheria ya jimbo au ya shirikisho, na kwa hiyo mtu anaweza kufungwa miaka mingapi.

Nimewakalisha watu watatu walijadili. Wenyewe ni wa kubuni. Sheria, kesi na takwimu wanazozitaja ni za kweli. MZEE alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho, sasa amestaafu. WAKILI hutetea washtakiwa wasio na uwezo. MKAGUZI anafanya kazi katika idara ya ajira ya jimbo, kwenye kitengo cha kuchunguza madai ya mafao. Wote watatu ni Waafrika Mashariki waliohamia Marekani, na wanaheshimiana hata pale wasipokubaliana.

MZEE: Tuanze na mwizi mwenyewe, maana tukimjua tutajua wa kumkamata. Mtazameni Abidemi Rufai. Alikuwa msaidizi wa gavana wa Jimbo la Ogun, Nigeria. Aliomba mafao kwa majina ya Wamarekani katika majimbo kadhaa, na idara ya ajira ya jimbo la Washington peke yake ikamlipa zaidi ya dola 350,000. Alitumia anwani moja ya barua pepe, akawa anahamisha nukta ndani yake. Kampuni ya barua pepe haizijali nukta, kwa hiyo majibu yote yalimfikia yeye. Lakini kompyuta ya idara iliona kila nukta iliyohama kuwa ni mtu mpya. Mei 2021 akakamatwa uwanja wa ndege wa JFK, New York. Niambieni, mwendesha mashtaka wa kaunti angempata vipi mtu huyo? Alishtakiwa kwenye mahakama ya shirikisho, Tacoma, akakiri kosa, na Septemba 2022 akahukumiwa miaka mitano jela. Kesi hizi ni za shirikisho.

MKAGUZI: Shikamoo mzee, kisha nikupinge. Unasema shirikisho, lakini mtazame alikopelekwa. Alikamatwa New York, akahukumiwa Tacoma. Kwa nini Tacoma? Kwa sababu iko katika jimbo ambalo mfuko wake uliibwa. Tangu Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935, mafao haya ni ubia. Serikali kuu inaweka kanuni pana na kutoa fedha za uendeshaji, lakini kila jimbo lina sheria yake, mfuko wake na idara yake, na waajiri ndio wanaouchangia. Wisconsin ilitunga sheria yake mwaka 1932, kabla ya Bunge la taifa. Kumbukumbu za ombi ziko kwetu. Karani aliyelipitisha ni wetu. Atakayetoa ushahidi kwamba malipo yalitoka ni mimi. Kesi ikae mfuko uliko.

MZEE: Na zile dola 600 za kila wiki zilitoka kwa mwajiri gani?

MKAGUZI: Hizo zilitoka Hazina ya taifa, sikatai.

MZEE: Na fao la waliojiajiri?

MKAGUZI: Hilo nalo.

MZEE: Basi mlipakodi wa Maine aliibiwa pale California ilipoibiwa. Mfuko wa jimbo ulikuwa mrija tu wa kupitishia fedha za taifa.

WAKILI: Wazee wangu, nimewasikiliza, na nyote mnaifuata fedha. Katiba haikusema ifuatwe fedha. Inalitaja jambo hili mara mbili. Ibara ya tatu inasema kesi ya jinai isikilizwe katika jimbo ambako kosa limetendwa. Marekebisho ya Sita yakaongeza kwamba hata raia watakaoamua watoke katika jimbo na wilaya ya mahakama hiyo hiyo. Waliyaandika hayo wakiwa na kidonda kibichi. Katika Tangazo la Uhuru la 1776, moja ya malalamiko yao dhidi ya mfalme wa Uingereza lilikuwa kuwasafirisha watu ng'ambo ya bahari wakahukumiwe huko kwa makosa ya kusingiziwa. Kwa hiyo swali langu ni moja: huyu mtu alitenda nini, na alipokitenda alikuwa wapi?

Hapo Wakili amegusa kiini, na ningependa msomaji atulie kidogo. Katiba inasema mahali kosa lilipotendwa, lakini haisemi kosa la kutuma ombi la uongo kwa intaneti hutendwa wapi. Bunge lilijaribu kulijibu hilo katika kifungu cha 3237 cha sheria za jinai za shirikisho. Kosa lililoanza wilaya moja na kumalizikia nyingine laweza kushtakiwa katika wilaya yoyote ambako lilianza, liliendelea au lilimalizika. Na kosa linalotumia posta au biashara kati ya majimbo laweza kushtakiwa kokote barua au bidhaa ilikotoka, ilikopita au ilikofika. Kifungu hicho kinampa mwendesha mashtaka ramani pana mno. Ndicho wanachogombania wasemaji wetu, hata pale wasipokitaja.

MZEE: Binti yangu, umesema vizuri, lakini mwizi wa leo hasafiri. Anatenda kwa kidole. Ukisema kosa liko pale alipokaa tu, mwizi aliyekaa Lagos au Bucharest hana kwao Marekani, basi asishtakiwe popote? Utapeli kwa njia ya mawasiliano una ncha mbili: uongo ulipotumwa na uongo ulipopokelewa. Huwezi kudanganya bila wa kudanganywa. Idara ya Washington ilidanganyikia Washington, kwa hiyo sehemu ya kosa ilitendeka pale. Na Mahakama ya Juu imelikubali wazo la kosa lenye sehemu nyingi. Katika kesi ya Rodriguez-Moreno ya 1999, mtu alitekwa akazungushwa Texas, New Jersey, New York hadi Maryland. Bastola ilitumika Maryland tu. Mahakama ikasema shtaka la bastola laweza kusikilizwa New Jersey, kwa sababu utekaji ulikuwa kosa moja lililopita huko pia.

WAKILI: Nawe mzee unaijua ya mwaka uliotangulia, ya Cabrales. Fedha za dawa za kulevya zilitoka Missouri, mshtakiwa akazisafisha benki huko Florida. Serikali ikataka kumshtaki Missouri. Mahakama ya Juu yote, bila hata jaji mmoja kupinga, ikakataa: alichofanya mwanamke huyu alikifanyia Florida. Sasa mchukue yule mwenzake wa Florida katika mfano wa mwandishi wetu, anayetoa noti kwenye mashine kwa ujira mdogo. Hajui kama fao limetoka Washington au Arizona. Mnataka kumvusha bara zima?

MZEE: Kama alikuwa mwenzao katika njama, ndiyo. Aliyeingia katika njama hujibu kila mahali njama ilipotendeka.

WAKILI: Hapo ndipo ninapoogopa. Neno njama linavuta kila mtu. Na teknolojia inavuta zaidi. Katika kesi ya Auernheimer, serikali ilimshtaki New Jersey mtu aliyekuwa Arkansas. Mwenzake alikuwa California. Seva walizochokoa zilikuwa Texas na Georgia. New Jersey ilikuwa na nini? Watu kama 4,500 kati ya waliovujishiwa anwani zao za barua pepe walikuwa wakazi wa huko. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta hatia yote kwa sababu ya mahali peke yake. Majaji walisema jambo ambalo ningependa liandikwe mlangoni mwa kila ofisi ya mashtaka: intaneti haijafuta haki ya mtu kuhukumiwa mahali panapohusiana na kitendo chake.

MKAGUZI: Dada, nakuunga mkono kuhusu seva. Sisi wenyewe hatujui data zetu zimelala wapi. Jimbo hukodi huduma kwa kampuni, na kampuni huhamisha data kutoka kituo hiki hadi kile usiku mmoja. Mtu aliyeomba fao la jimbo letu akiwa hapa hapa, kesi yake ikipelekwa wilaya ambako kampuni imejenga ghala la kompyuta, nani atafaidika?

MZEE: Sijasema kesi iende iliko seva.

MKAGUZI: Hujasema, mzee, ila kifungu kinaruhusu.

MZEE: Kinaruhusu mengi ambayo mtu mwenye busara hayafanyi.

WAKILI: Na asiye na busara je?

Hilo ndilo swali ambalo Jaji Felix Frankfurter aliliona mwaka 1944 katika kesi ya Johnson, iliyohusu meno bandia yaliyotumwa kwa posta kutoka Illinois hadi Delaware. Mahakama ya Juu ilikataa kesi isikilizwe Delaware. Frankfurter alieleza kwamba serikali ikiachiwa kuchagua mahali, itashawishika kuchagua panapoipendelea, na mshtakiwa atabaki mbali na nyumbani, mbali na mashahidi wake, mbali na wanaomjua. Nimeisoma hoja hiyo mara kwa mara na sioni ilipochakaa. Imepita miaka 80 na meno yamegeuka kuwa maombi ya mtandaoni, lakini umbali kati ya mtu na mashahidi wake haujapungua.

MKAGUZI: Tusimsahau aliyeibiwa jina. Tunazungumza mfuko na mshtakiwa, na huyu wa tatu tumemwacha mlangoni. Januari 2021 watu wengi sana nchini humu walipokea fomu ya kodi, 1099-G, ikisema walipokea mafao mwaka uliopita. Hawakuomba wala hawakuona hata senti. Wakaanza kuhangaika: kuwaandikia wa kodi, kupigia idara simu isiyopokelewa, kufunga akaunti. California imefikiria hilo. Kifungu cha 786 cha sheria yake ya adhabu kinaruhusu kesi ya wizi wa utambulisho isikilizwe katika kaunti anayoishi aliyeibiwa jina. Hiyo ni huruma iliyoingizwa kwenye sheria. Mtu asiye na kosa asilazimishwe kusafiri ili ashuhudie.

WAKILI: Huruma naikubali, hasa kwa mwenye jina mmoja aliyekusudiwa na mwizi anayemjua: mpangaji mwenza, ndugu, mfanyakazi mwenzake. Lakini ukiwa na majina 20,000, mwendesha mashtaka atachagua kaunti yoyote nchini, kwa kuwa kila kaunti ina jina. Haki ya mahali inakuwa imekwisha.

MKAGUZI: Hapo umenibana.

MZEE: Hajakubana wewe peke yako. Mimi pia nasema mahali alipo mwenye jina pasiwe msingi pekee katika kesi kubwa. Ila sasa nirudi kwenye uwezo. Ndugu yangu, idara yenu ina wachunguzi wangapi? Ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti, ambayo wiki hiyo hiyo ina mauaji na ubakaji, itaanzia wapi na faili la akaunti 300 katika benki za majimbo 9? Mnakumbuka Novemba 2020, waendesha mashtaka wa kaunti za California walipojitokeza hadharani kusema wafungwa magerezani wanalipwa mafao ya kukosa ajira? Hawakusimama peke yao. Mwendesha mashtaka wa shirikisho wa Sacramento alikuwa pamoja nao. Na Septemba 2022 Wizara ya Sheria iliunda vikosi maalumu vya udanganyifu wa korona huko California, Florida na Maryland, kwa sababu kazi ilikuwa imezidi ukubwa wa kaunti.

MKAGUZI: Kweli. Lakini kumbuka jinsi wafungwa wale walivyolipwa. Idara haikuwa ikilinganisha majina ya waombaji na orodha ya wafungwa, jambo ambalo majimbo mengi yalikuwa yakilifanya. Uzembe huo ulikuwa wa jimbo, na kesi zikisikilizwa jimboni, raia wanasikia mlango uliachwaje wazi. Kesi ikihamia mbali, aibu nayo inahama.

Hoja hiyo ya Mkaguzi sikuisikia kwingi, nami naiona nzito. Mahakama ya wazi ni mahali pa wananchi kujua fedha yao ilivyolindwa au ilivyotelekezwa. Serikali ya California yenyewe imekadiria kwamba ilipoteza takribani dola bilioni 20. Mkazi wa Fresno ana haki ya kulisikia jambo hilo kwa masikio yake, karibu na kwake.

WAKILI: Nataka tushuke sasa kutoka kwa hao wakubwa. Wateja wangu si akina Rufai. Ni dereva aliyeandika wiki tatu kwamba hakufanya kazi, kumbe alibeba abiria siku mbili. Ni mama aliyeitwa kazini Ijumaa, akaendelea kujaza fomu hadi mwisho wa mwezi kwa kutoelewa. Ukimpeleka huyo shirikisho kwa utapeli wa mawasiliano, kifungo cha juu ni miaka 20. Na kwa kuwa fao lilihusiana na dharura iliyotangazwa na Rais, kinapanda hadi 30. Akitumia jina la mtu mwingine, inaongezwa miaka miwili ya lazima, inayotumikiwa baada ya ile ya kwanza, si pamoja nayo. Sheria za majimbo nyingi zina faini, kurudisha fedha, na kunyimwa fao kwa muda. Kwa hiyo ukichagua mahakama umechagua hukumu.

MZEE: Hakuna mwendesha mashtaka wa shirikisho mwenye akili atakayepoteza muda kwa mama huyo.

WAKILI: Mzee wangu, wewe usingefanya hivyo. Mimi nataka sheria iandikwe kwa ajili ya wale nisiowajua.

MKAGUZI: Na sheria yenyewe haimlindi kwa kumaliza kesi mara moja. Mwaka 2019, katika kesi ya Gamble, Mahakama ya Juu kwa kura 7 dhidi ya 2 ilirudia kwamba jimbo na shirikisho ni mamlaka mbili. Mtu aliyehukumiwa na moja aweza kushtakiwa na nyingine kwa kitendo kile kile. Kwa hiyo hata tukimaliza sisi, mlango wa pili uko wazi.

WAKILI: Na kabla ya mlango wowote wa mahakama kuna mlango wa idara. Hapo, kaka, naomba usikasirike. Kati ya 2013 na 2015 Michigan iliiachia programu ya kompyuta iitwayo MiDAS kazi ya kuamua nani kadanganya. Kompyuta ikikuta tofauti kidogo kati ya maelezo ya mfanyakazi na ya mwajiri, iliandika udanganyifu. Watu walitozwa fedha waliyolipwa pamoja na faini ya mara nne yake. Jimbo lilipopitia tena zaidi ya maamuzi 22,000 ambayo hakuna mtu aliyeyagusa, lilikuta 93 katika kila 100 hayakuwa sahihi. Watu wapatao 40,000 waliathirika. Marejesho ya kodi yalizuiliwa, mishahara ikakatwa, wengine wakafilisika. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Michigan ikasema wana haki ya kudai fidia kwa jimbo kuvunja katiba yake, na jimbo likakubali kulipa dola milioni 20. Mnabishana Tacoma au Sacramento. Watu hawa waliitwa wezi bila kufikishwa kokote.

MKAGUZI: Sikasiriki, dada. Hilo ni doa letu sote tunaofanya kazi hii, hata sisi ambao si wa Michigan. Tangu hapo mimi siafiki neno udanganyifu kuandikwa na mashine. Lazima mtu aitwe, aulizwe, asikike.

MZEE: Hapo sote watatu tumekutana. Lakini msije mkatumia Michigan kuwakinga waliopora wakati wa korona.

WAKILI: Sijawakinga. Yuko mwanamuziki wa rap, Fontrell Baines, ajiitaye Nuke Bizzle, aliyejigamba katika video kwamba ametajirika kwa mafao ya California. Alikamatwa Las Vegas akiwa na kadi za mafao zenye majina ya watu wengine. Akashtakiwa Los Angeles, alikokuwa akiishi na ambako kadi zilitumwa kwenye anwani alizozifikia. Mwaka 2022 alipewa miezi 77. Mimi kama mtetezi nina maneno juu ya miezi hiyo, lakini juu ya mahali sina. Alihukumiwa alipotenda, mbele ya jimbo aliloliibia. Ndivyo ninavyotaka.

MZEE: Na kama angekuwa ameishi Tennessee?

WAKILI: Kuna kanuni mbili za mwenendo wa jinai ambazo huzitaji, mzee, na unazijua kuliko mimi. Ya 20 inamruhusu aliyekamatwa wilaya nyingine kukiri kosa na kupewa adhabu huko huko aliko, waendesha mashtaka wa pande zote mbili wakikubali. Ya 21 inamruhusu jaji kuihamisha kesi kwa ajili ya wepesi wa pande zote na mashahidi, mshtakiwa akiomba. Zitumike. Jaji asiogope kumwambia mwendesha mashtaka kwamba mashahidi wote 15 wako Memphis, basi na kesi iende Memphis.

MZEE: Nazikubali, mradi wakili asizitumie kupoteza siku. Maana saa nayo inahukumu. Kwa makosa mengi ya shirikisho kesi lazima ifunguliwe ndani ya miaka mitano. Agosti 2022 Bunge liliongeza muda hadi miaka 10 kwa udanganyifu wa mikopo ya biashara ya wakati wa korona. Mafao ya kukosa ajira hayakuguswa katika sheria hizo. Kwa hiyo aliyeiba Aprili 2020, Aprili 2025 alianza kupumua. Na ukiishtaki kesi mahali pasipo pake, ukarudishwa, umekwisha kupoteza mwaka.

WAKILI: Lakini kesi yenyewe huipotezi. Juni 2023, katika kesi ya Smith, Mahakama ya Juu iliamua kwa sauti moja kwamba kukosea mahali hakumwachii mshtakiwa huru. Serikali yaweza kumshtaki upya mahali panapostahili. Bwana yule alikuwa Mobile, Alabama. Kampuni aliyotuhumiwa kuichukulia data ilikuwa Pensacola, kaskazini mwa Florida. Seva zilikuwa Orlando, wilaya nyingine. Akapelekwa Pensacola. Hebu fikirini: serikali ikikosea, inaanza tena. Mshtakiwa ameshauza gari kumlipa wakili.

Nimewaacha waseme, na sasa niseme langu.

Naona Mzee yuko sahihi kuhusu makundi. Genge lililotumia majina elfu kwa elfu, au mwizi aliyekaa nje ya nchi, hakuna kaunti itakayomweza, na kumwachia kwa sababu tu hakuwahi kukanyaga jimbo alilolipora ni kuwadhulumu waliofukuzwa kazi wakakuta foleni imejaa maombi ya uongo. Huyo ashtakiwe shirikisho, na mahali pawe palipo mfuko uliopoteza zaidi kati ya ile aliyoiomba. Wananchi wa pale ndio waliosubiri malipo wiki kwa wiki idara ikihangaika kuwachuja wezi.

Kwa mwingine yeyote aliyekuwa ndani ya nchi, namfuata Wakili. Ashtakiwe alikokaa alipotuma ombi la uongo au alipochukua fedha. Mfuko ulioko mbali upeleke shahidi wake. Idara ya jimbo ina bajeti ya safari, dereva hana. Na anayetuhumiwa kwa fao lake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, kwa wiki chache za mapato yasiyotajwa, suala lake lianzie na ikiwezekana liishie katika idara na mahakama za jimbo lake, mbele ya binadamu anayeweza kumuuliza swali na kusubiri jibu.

Kuhusu seva sina pande mbili. Mahali data ilipopita au ilipolala pasitoshe kamwe kumwita mtu mahakamani. Mshtakiwa hakupachagua, mara nyingi hakujua kama papo, na idara iliyoibiwa yenyewe haipajui. Majaji wamekuwa wakiliziba pengo hili kesi moja baada ya nyingine tangu enzi za meno bandia. Bunge la Marekani lina uwezo wa kulimaliza kwa sentensi moja katika kifungu cha 3237, na linapaswa kuiandika.

Nawe msomaji unayeishi huko, ukipata barua ya idara ya ajira inayosema ulilipwa kupita kiasi au ulidanganya, usiiweke kando kwa kuwa huna kosa. Siku za kukata rufaa ni chache, zinatofautiana jimbo hadi jimbo, na zimeandikwa ndani ya barua hiyo. Jibu kwa maandishi, omba kusikilizwa, na kama Kiingereza cha kisheria kinakushinda, omba mkalimani wa Kiswahili kabla ya siku ya shauri.